Pigo la Fuawe Tupu

Haya yalimpata rafiki yangu Kirezi, wa hapa kambini Dzaleka, Malawi, mwaka wa tisini na tano.

Baba yake alikuwa mhunzi. Alipofariki, hata matanga hayajaondolewa, baba yake mdogo Gakiza akaiuza nyundo ya marehemu mjini Lilongwe, kwa bwana mmoja wa mtaa wa Mchesi anayefua visu kwa kujifurahisha.

"Kujifurahisha!" Kirezi alifoka. "Baba mdogo, huna haya?"

"Maiti atafua nini, we mutoto?" Gakiza akacheka.

Kirezi alikwenda Mchesi kuidai. Alikuta mlango wa karakana umefungwa, na ndani chuma kinagongwa: mapigo matatu mazito, kisha moja jepesi juu ya fuawe tupu, pasipo chuma. Ndivyo baba yake alivyokuwa akiupumzisha mkono.

"Hata mkono wa baba yangu mnauiga!" akapiga kelele, akiutikisa mlango.

"Nani anaiga, dada?"

Yule bwana alikuwa nyuma yake, gunia la mkaa begani, akitoka sokoni. Hapo ndipo Kirezi alipoliona kufuli, limefungwa kwa nje.

Wakasikiliza wote wawili. Moja. Mbili. Tatu. Bwana akafungua, na sauti ikakatika. Ndani mlikuwa na giza. Tanuri lilikuwa baridi, mivukuto ya kupulizia moto imelala.

"Ichukue nyundo ya baba yako," akanong'ona. "Ichukue, uende."

Kirezi aliinyakua nyundo ya baba yake, akaikumbatia kifuani, akatoka. Alikuwa hajafika hata barabarani. Nyuma yake, kwenye lile giza, fuawe tupu ikagongwa mara moja, kwa lile pigo jepesi.