Watt Mia Tatu za Mama Godelive

Batu ba hapa Butembo banasemaka yaya yangu Sadrack, kaka yangu mukubwa, alirogwa. Ni bongo, uongo tupu. Mwenye iko na makosa ni mimi Kavuo, dada yake, na nimechoka kuibeba peke yangu.

Ndoa yangu ilikuwa siku ya posho, Jumamosi, mwezi wa saba, jua inawaka vizuri. Yaya Sadrack alikuwa anatumika ku kompani moja ya courant, ya umeme, sitaji jina. Mu kiangazi mto inakauka, barrage yenye inatoa courant inachoka, na panneau za jua kule ku kilima njo zinatuokoa. Muchana zinajaza batterie kubwa mu kontena, na batterie inasaidia ma-ligne yote ya muji. Mawingu ikifunika na batterie ikishuka mpaka vingt pourcent, makumi mbili ku mia, lazima ligne moja ikatwe. Sadrack njo alikuwa amepanga nani anakatwa wa kwanza. Centre de santé, kituo ya afya, ilikuwa ya mwisho kabisa.

Mu ile centre alikuwa amelala Mama Godelive, mwenye alinifundisha biashara ya mboga, poireaux za Kipese, tangu niko musichana. Mapafu ilikuwa imemukatala. Mashine ya oksijeni ilikuwa inamupatia pumuzi kwa kamupira kadogo, kenye kalitoka mu pua, kakapita ku mashavu yote mbili mpaka ku masikio. Siku mbili mbele ya ndoa nilienda kumusalimia. Akaniambia nisihuzunike, atasikia muziki yangu pale pale ku kitanda.

Nilipotoka kwake nikaenda kwa Eliane, infirmière, muuguzi wa ile centre, kumuomba groupe ya centre, ile yenye inakunywa mazout na kutoa courant. Huku kwetu ndoa inajengwa na bintu bya kuazima: biti bya kukalia bya jirani, sufuria za parokia, bâche ya mjomba ya kufunika mvua. Mutu akikuomba kintu kwa ajili ya ndoa, kukatala ni haya. Eliane hakuuliza chef wake. Alisema tu nichukue, nirudishe mbele ya misa ya yenga, Jumapili.

Saa kumi ya siku ya ndoa mawingu ikafunika. Bakwe bangu, jamaa ya bwana yangu, balikuwa bametoka Beni, bamejaa mu salle ya karamu, gâteau ya ndoa bado haijakatwa. Telefone ikalia. Nikatoka nyuma ya jikoni ili nisikie vizuri.

"Kavuo, batterie iko vingt," Sadrack akasema. "Kwa mupango, salle yenu njo inatangulia. Nikate hiyo ao centre?"

Groupe ilikuwa mbele yangu, chini ya bâche, hatua mbili tu. Kuiwasha na kufunga waya ingetuomba dakika kumi bila muziki, bakwe banaangaliana. Njo hizo dakika kumi tu nilikatala.

"Centre iko na groupe," nikamujibu.

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika, Yaya."

Tukacheza. Tulicheza sana, nasema kweli. Mama Godelive alikufa saa kumi na dakika makumi ine.

Eliane aliambia kila mutu kwamba groupe ilikatala kuwaka. Mimi niliirudisha ule usiku, mutu hakuona. Mu kilio, Sadrack alikaa kando ya moto akalia sawa mutoto, anasema angekwenda kuangalia mwenyewe mbele ya kukata. Mimi njo nilimupatia kitambaa ya kupanguza machozi.

Nyuma ya kilio balifunga chumba ya Mama Godelive na kupeleka mashine Beni. Kesho yake, saa kumi, Sadrack akaona ligne ya centre inakula watt mia tatu juu ya kawaida. Ni kipimo ya ile mashine. Nyuma ya dakika makumi ine, ikasimama. Siku yenye ilifuata, vilevile. Akaenda kuzima courant ya chumba yote. Mia tatu. Akapatia centre ligne ingine, akapanda ku poteau, nguzo ya waya, akakata ile ya zamani. Waya ikabaki inaning'inia mu upepo, haifiki kwa mutu. Saa kumi, mia tatu.

Bibi yake Bénie akakuja kwangu analia. Alisema Sadrack hakule tena, hatoke mu kontena, na mawingu ikikuja anakatia cartier nzima, mtaa muzima, courant ili ile waya ya bule isikose. Chef alikuwa amemupatia siku mbili ya mwisho. Niliona nampoteza yaya yangu.

Nikapanda kilima. Jua ilikuwa kali, panneau zinang'aa. Nikaingia mu kontena saa kumi kasoro kidogo. Sadrack alikuwa amekonda, ndevu chafu. Macho yake ilikuwa ku namba za watt, ku kipimo ya ligne.

"Twende ku nyumba, Yaya."

"Nikitoka, atakosa pumuzi," akanong'ona.

Saa kumi ikafika. Namba ikapanda. Mia. Mia mbili. Mia tatu. Kisha nikasikia. Katikati ya batterie. Pumuzi inaingia. Inatoka. Inaingia. Ilikuwa pumuzi ya mutu muzee, ya kuchoka. Sadrack akafunga macho. Alikuwa amezoea.

Nikasema yote, bila kuchagua maneno. Groupe ilikuwa kwangu. Ni mimi niliazima. Nilikudanganya.

Pumuzi ikasimama katikati. Namba ikashuka mpaka zéro.

"Ile groupe, ulikuwa unaiona?" Sadrack akaniuliza. "Wakati nakupigia?"

"Ndiyo. Ilikuwa mbele yangu."

Akachukua koti yake akatoka. Leo anakula, anacheka na batoto bake, anatumika Kamango. Jina yangu hatajake.

Asubuhi yenye ilifuata, bwana yangu Précieux akaniuliza nililalia nini. Nikajiangalia mu kioo. Mistari mbili myembamba, imezama mu nyama, ilitoka chini ya pua, ikapita ku mashavu, mpaka ku masikio. Nilisugua na sabuni mpaka ngozi ikawaka. Haikutoka.

Siku ya yenga nikajifunika na kitambaa, nikaenda misa. Ku komunyo Eliane alikuwa mbele yangu. Tangu ile ndoa hajaondoa cache-nez ku uso, kile kitambaa ya kufunika pua na kinywa, na batu banazania ni kwa ajili ya kazi yake. Padri alinyosha mukono, Eliane akaishusha kidogo ili apokee.

Mistari yake ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi.