Mate ya Jumatano

Wiki hiyo Karambu alianza kila siku kwa hasira. Aliamka, akawasha moto, akabandika chai, kisha akatoka nje na kichupa cha plastiki mkononi kumtafuta baba yake. Na baba yake, Elphas, mara nyingi alikuwa ameshashika njia ya shambani kuchuma miraa.

Si kwamba hakuambiwa. Sista Lorna, muuguzi wa utafiti wa chanjo ya virusi vya Ukimwi, alikuwa amewaketisha wote wawili hapo nyumbani Muthara akaeleza polepole. Elphas alikuwa mmoja wa watu wazima waliojitolea ili chanjo hiyo ijaribiwe kwao. Sindano zote alikuwa ameshadungwa. Sasa watafiti walitaka mate yake ya siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, yatolewe kabla hajala, hajanywa wala hajatafuna chochote. Karambu, msichana wa Gredi ya Saba mwenye mwandiko safi, angeandika siku na saa kwenye kila kichupa, kwa kuwa macho ya baba yake hayakuona vizuri maandishi madogo.

"Akisahau siku moja, andika 'hakuna'," Sista Lorna alimwambia. "Usiandike kingine."

Jambo lililoonekana dogo likawa kazi ya kumtoa mtu jasho. Mkulima wa miraa hafungi kitita bila kuonja ncha moja au mbili, na mkono wa Elphas ulikuwa umezoea kupeleka ncha mdomoni kwa miaka ishirini bila kumwomba ruhusa. Jumatatu Karambu alimwahi mlangoni. Jumanne alimkimbilia hadi katikati ya shamba, umande ukailowesha sketi yake ya shule, akamkuta ameshachuma tawi la kwanza.

"Baba! Mate kwanza!"

"Kwani siku hizi hata salamu hakuna?" Elphas alicheka, lakini alitema kwenye kichupa.

Jumatano Karambu alichelewa. Baba yake alikuwa anafunga vitita kwa majani ya mgomba, shavu moja limevimba.

"Baba, umetafuna!"

"Ni kidogo tu, mama. Nilikuwa naonja."

"Sista alisema nini?"

"Alisema mengi." Elphas alitema chini mate ya kijani. "Wacha kelele, Karambu. Gari ya miraa haingojei mtu."

Karambu alirudi nyumbani akipiga mawe teke. Alikuwa amechoka kumchunga baba yake kama mtoto mdogo. Alikuwa amechoka kufika shuleni gwaride limeshaanza. Zaidi ya yote, alikuwa amechoka kuulizwa na wenzake kama baba yake ana Ukimwi, ilhali chanjo hiyo haiwezi kumwambukiza mtu. Aliketi jikoni akakitazama kichupa. Hakuwahi kuacha nafasi wazi kwenye daftari lake lolote. Tena, itakuwaje wakimwondoa baba kwenye utafiti? Elphas alijitolea kwa sababu ya dada yake, shangazi Nelius, aliyefariki kwa ugonjwa huo. Hakuna jambo alilojivunia kuliko hilo.

Mate ni mate, Karambu alijiambia. Akatema mwenyewe hadi kwenye mstari, akakaza kifuniko, akaandika: Jumatano, saa kumi na mbili na nusu.

Alhamisi na Ijumaa alimwahi baba yake kabla hajatafuna. Ijumaa alasiri Sista Lorna alikuja kuvichukua vichupa. Alivihesabu mezani.

"Vitano! Mmejitahidi kweli."

"Vitano?" Elphas alikunja uso, akamtazama binti yake.

Karambu aliuliza haraka, "Sista, mtayafanyia nini mate hayo?"

"Tutatafuta kingamwili," Sista Lorna alijibu. "Ni kama askari ambao mwili huwatengeneza ukishachanjwa. Katika damu ya baba yako tumeshawaona. Lakini mara nyingi virusi hivi huanza kuingilia kwenye ngozi laini yenye unyevu iliyo ndani ya mwili. Tunataka kujua kama askari wamefika kwenye unyevu huo au wamebaki kwenye damu tu. Kupima mate ni njia rahisi ya kuanza kutafuta."

"Na msipowakuta siku moja?"

"Tutaandika kwamba siku hiyo hawakuwepo. Huenda tukadhani chanjo haifai."

Karambu alikitazama kichupa cha Jumatano. Yeye hakuwa amechanjwa. Kinywani mwake hapakuwa na askari hata mmoja wa kutafutwa.

"Ya Jumatano si ya baba," alisema kwa sauti ndogo. "Ni yangu."

Elphas aliruka kutoka kitini. "Karambu! Mimi navumilia sindano zote hizo, halafu wewe unatia uongo ndani?"

"Na wewe ulikuwa umetafuna!" Machozi ya hasira yalimtoka. "Nilikukimbiza kila asubuhi! Hukunisikiza!"

Elphas aliketi tena. "Ni kweli, sista. Nilitafuna."

Sista Lorna alikitenga kichupa cha Jumatano kwenye mfuko wa taka, akaandika kwenye fomu.

"Mtamwondoa baba?" Karambu aliuliza.

"Kwa kusahau siku moja? La." Sista Lorna aliweka kalamu chini. "Karambu, nafasi wazi ingeniambia ukweli, kwamba si rahisi kumpata mkulima wa miraa kabla hajaonja. Ningepanga kazi yangu upya. Kichupa chako kingenidanganya mimi, nami ningewadanganya madaktari, na watu wanaongoja chanjo wangeumia bila kujua ni kwa nini. Ukikosa jibu, sema umekosa. Hakuna atakayekucheka."

"Basi nipe kingine," Elphas alisema. "Nitatema kesho nikiamka, naapa."

"Kesho si Jumatano, Mzee Elphas."

Elphas aliinamisha kichwa.

"Mwezi ujao ukileta vingine," alisema hatimaye, "nitatema kabla sijavaa viatu. Mtoto asinikimbize tena." Akamgeukia Karambu. "Ulikosea, na umesema mwenyewe. Lakini uongo ule, mama, haukuanzia kwako. Ulianzia kwangu, siku nilipokuona unahangaika nami nikacheka."