Skrubu ya Pili

Aliyetangulia kusema Donatus amekufa alikuwa mlinzi wa geti, na wote wakamwamini kwa kuwa ndiye aliyevaa sare.

Donatus, mchimbaji, alikuwa amejikunja ndani ya ndoo ya winchi, mita arobaini chini ya ardhi, mguu wa kushoto umeelekea upande usio wake. Ndoo ilining'inia hatua moja tu juu ya sakafu ya duara la Mzee Otmar, shimo la dhahabu lililo nje kidogo ya Katoro. Wanaume kumi walimvuta kwa kamba. Alipofika juu akapiga chafya, kisha akazimia tena. Mlinzi alikuwa ameshakimbia.

Inspekta Paskazia alifika saa tatu asubuhi. Majeruhi alikwisha kupelekwa hospitali. Mwendesha winchi, Vumilia, alikaa nyuma ya gari la polisi akiwa na pingu, na wachimbaji wamelizunguka gari wakitukana.

"Kwa nini pingu?" Paskazia aliuliza.

"Huyu Mama Vaileth ni mke wa zamani wa Donatus, Afande," alijibu Konstebo Sesilia. "Juzi Jumapili, nje ya kanisa, alimwambia mbele ya watu, 'Siku moja utanitambua.' Leo kamtambulisha."

"Usilete utani. Hilo ni jaribio la kuua. Kifungo chake kinaweza kuwa cha maisha."

Akapanda nyuma ya gari.

"Shikamoo, Afande," alisema Vumilia.

"Marahaba, Mama Vaileth. Ulimwangusha?"

"Nilimshusha, kama kila siku. Zilipobaki mita kumi na tano nikapunguza kasi kwenye paneli. Haikupungua. Paneli ikaanza kuandika vitu visivyosomeka, kama mtoto kaichezea."

"Halafu?"

"Nikarukia breki ya mkono."

"Nani alikuona?"

"Mungu."

"Mungu haandikishi maelezo kituoni."

Vumilia akamtazama usoni. "Afande, ningetaka kumuua Donatus, ningemuua mwaka juzi alipouza cherehani yangu."

Paskazia aling'ata mdomo asicheke. Kisha akaiona mikono iliyofungwa pingu. Ngozi ya viganja vyote viwili ilikuwa imechunika.

Kibanda cha winchi kilinuka kuungua. Paskazia aliinama kwenye breki. Kitambaa chake kilikuwa cheusi kama mkaa, na mpini una damu kidogo. Mtu aliyetaka ndoo ianguke haivuti breki mpaka achunike. Ila mkuu wa kituo hakutaka harufu, alitaka ushahidi, na kesho asubuhi mtuhumiwa alipaswa kusomewa mashtaka.

Kabla ya kuvaa sare, Paskazia alisoma diploma ya kompyuta mjini Shinyanga. Aliufahamu mtambo ule kwa kuutazama. Mpini wa kushusha na kupandisha ulikuwa na waya wake. Kasi ilipita njia nyingine: mwendeshaji aliibonyeza kwenye paneli, nayo paneli ikaituma kwa kebo hadi kwenye boksi linalodhibiti mota. Kebo ilichomekwa kwenye tundu la pini tisa, lile mafundi wanaloliita poti ya siriali.

"Sesilia, piga picha, chukua alama za vidole. Halafu nipe bisibisi."

Plagi ilishikwa na skrubu mbili, kulia na kushoto. Ya kulia ilikuwa nene, imepauka kwa vumbi. Ya kushoto ilikuwa nyembamba, nyeusi, inang'aa.

"Mama Vaileth!" Paskazia aliita kupitia dirishani. "Plagi hii ina skrubu ngapi?"

"Moja, Afande! Ya pili ilipotea tangu masika. Nimeikaza kwa mpira wa baiskeli."

Mpira wa baiskeli ulikuwa sakafuni, umekunjwa vizuri.

Paskazia akaitia ile skrubu nyeusi kwenye mfuko wa vielelezo. Kisha akaanza na kebo, kwa sababu kosa hutafutwa kuanzia kwenye waya. Aliiunganisha na kompyuta yake mpakato, na upande wa pili akagusanisha pini ya pili na ya tatu kwa kibanio cha karatasi, ili kila linalotumwa lirudi lilikotoka. Akaandika salamu ya Kisukuma ya asubuhi: mwangaluka. Kioo kikamrudishia: mwangaluka.

"Kebo inaamkia," alisema. "Ni nzima."

Kosa likabaki kwenye mazungumzo yenyewe. Paneli ilituma kwa kasi ya biti elfu tisa mia sita kwa sekunde. Boksi lilisikiliza kwa kasi maradufu. Mmoja anasema polepole, mwenzake anasikiliza kwa papara, na hakuna neno linalofika salama. Boksi lilipokosa amri mpya lilishika ya mwisho, iliyobaki tangu jana: mwendo wa juu.

Hilo halibadiliki lenyewe. Kumbukumbu za boksi zilionyesha kasi yake ya kusikiliza ilibadilishwa leo, saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi. Kabla ya hapo mtu alijaribu nenosiri mara nne.

LOZALI. Likakataliwa.

LOZALI. Likakataliwa.

LOZARI. Likakataliwa.

ROZARI.

Paskazia, mzaliwa wa Didia, Usukumani, alicheka peke yake. Huko kwao, ambako R hutamkwa L, hata bibi yake alisali lozali maisha yake yote, wala Mungu hakukataa.

Akamwita Mzee Otmar.

"Mzee, nani analijua nenosiri la boksi hili?"

"Watu watatu, ng'wanone, mwanangu. Mimi, Vumilia aliyeliweka, na Edward, yule fundi aliyefunga mtambo. Edward yuko Mwanza wiki ya pili sasa."

"Vumilia analiandika kila siku. Edward kaliandika kwenye ripoti yake, hii hapa. Hawa wamelizoea kwa macho. Aliyeingia leo alilipata kwa masikio, tena kwa masikio ya kwetu. Ulilitamka wapi?"

"Mimi? Sijalitamka popote."

"Mzee."

Otmar alivua kofia. "Jumamosi nilimpigia Edward. Aliniuliza kama neno ni lile lile. Nikamwambia ndiyo, lozali. Lakini nilikuwa dukani kwa fundi simu! Kioo changu kilikuwa kimevunjika, nilitumia simu yake, kwa spika."

"Fundi gani?"

"Nestory. Kijana wa Ushirombo."

"Simu yako umeipata?"

"Kaniletea hapa hapa mgodini leo asubuhi na mapema. Mtu mwaminifu sana."

Paskazia na Sesilia walifika dukani kwa Nestory wakiwa na hati ya upekuzi. Droo yake ilipangwa kama kabati la sista: skrubu za kila saizi, kila moja kwenye kopo lake. Kopo la tatu lilikuwa na nyembamba, nyeusi, zinazong'aa. Ndani ya begi walikuta kompyuta mpakato na kebo ya siriali.

Saa nane mchana Nestory alikaa mbele ya meza kituoni. Paskazia alimwonya kwamba halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa. Akaiweka skrubu mezani.

"Unaijua?"

"Skrubu ni skrubu, Afande."

"Inalingana na za kopo lako la tatu. Ina alama ya kidole chako cha gumba. Uliingia kuharibu. Kwa nini ulikaza plagi?"

Nestory aliisukuma kwa ncha ya kidole.

"Ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli," alisema. "Plagi ya winchi inayobeba watu! Ikichomoka je? Sikuweza kuiacha inaning'inia."

Sesilia aliacha kuandika. Paskazia akamwashiria aendelee.

"Ulitaka Donatus afe?"

"Simjui hata sura! Nilitaka isiwake, basi. Paneli na boksi visielewane, mtambo ugome, Mzee aje kuniita. Nilidhani boksi likikosa mawasiliano linasimama."

"Lina mpangilio huo. Ulikuwa umezimwa. Hukuangalia."

"Sikuangalia." Akafunika uso. "Mara tatu nilimwambia poti yake iko wazi, kibanda hakina kufuli, nenosiri analitangaza sokoni. Jumamosi nikamwambia tena. Akacheka mbele ya wateja wangu. 'Huyu fundi vocha aguse winchi yangu?' Wote wakacheka. Mpaka leo wapita njia wananiita Fundi Vocha."

"Ukaamua kumwonyesha."

"Nikaamua kumwonyesha. Nilibadilisha kasi tu, Afande. Namba moja." Machozi yalimtiririka. "Amekufa?"

"Hajafa. Amezinduka saa saba. Amesema alisikia breki ikilia juu, ndoo ikasita, ndipo akabamizwa ukingoni. Bila breki ile ungekuwa unajibu shtaka la mauaji."

Nestory alipumua kwa nguvu, kama aliyetolewa yeye shimoni. Akasaini maelezo yake bila kuombwa mara mbili.

Saa kumi Sesilia alifungua pingu za Vumilia.

"Nisamehe, Mama Vaileth. Yale maneno yangu ya asubuhi..."

"Umeniaibisha, mdogo wangu. Lakini pingu zako hazibani."

Mzee Otmar alikuwa mapokezi, amekunja kofia mpaka imekuwa kamba. Paskazia hakumpa kiti.

"Kibanda kifungwe kwa kufuli. Poti iwekewe kifuniko. Nenosiri jipya aliweke Vumilia, na wewe usilijue."

"Hata mimi mwenye mgodi?"

"Hasa wewe, Mzee. Unalitamka vizuri mno."

"Wabeja," alimshukuru Otmar kwa unyonge. Alimgeukia Vumilia, akampigia goti moja. Vumilia alimwinua haraka kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vilimuuma.

Nje, wachimbaji wapatao ishirini walisubiri uani, habari za hospitali zimeshawafikia. Vumilia alisimama mlangoni. Hakuna aliyetukana. Mwishowe mmoja wao akasogea, taa ya kichwani bado anaing'ang'ania mkononi.

"Mama Vaileth," alisema, "kesho utatushusha saa ngapi?"

Vumilia aliwatazama wote, mmoja mmoja, bila haraka.

"Kesho hamshuki," alisema. "Kesho nalala. Keshokutwa, saa moja kamili. Atakayechelewa atashuka kwa kamba."

Kicheko kilichopasuka hapo kilimfikia Paskazia mezani kwake. Akalivuta jalada la Vumilia na kuandika ubavuni: *Aachiwe huru. Hana hatia.*