Sahani Moja ya Lengalenga

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, husema watu. Béatrice wa Kinindo alichukua sufuria, akapika.

Mumewe, Honoré, alikuwa hajasemezana na mdogo wake Térence tangu mvua za mwaka jana. Mama yao aliwaachia shamba kule Kajaga, kando ya ziwa. Honoré alitaka kuliuza. Térence, anayelilima, alikataa. Sasa Nella, binti wa Honoré, anabatizwa, na baba yake mdogo hakualikwa.

Jumamosi Honoré alileta paja zima la ng'ombe.

"Choma yote, Mama Nella! Térence asikie harufu mpaka Kajaga!"

Jirani yao Mama Carmen, mwalimu wa katekisimu, alikuwa akichambua mchele pale uani.

"Baba Nella, Mithali yasema mboga za majani penye upendo ni bora kuliko ng'ombe mnono penye chuki."

"Kumbe Mungu hataki tule nyama?"

"Apana! Nyama haina kosa, wala umaskini hausifiwi. Kosa ni kumchoma ndugu yako pamoja na nyama. Kabla ya kuuliza kuna nini mezani, uliza nani hayupo."

Honoré alibetua midomo, akaondoka. Béatrice aliifungia nyama kwenye friji, akapanda pikipiki kwenda Kajaga.

Jumapili, baada ya misa ya ubatizo, wageni walikaa wakinusa hewa. Béatrice alitoa bugali na mboga za majani, lengalenga.

"Nyama iko wapi?" Honoré alinong'ona, jasho likimtoka.

"Inangoja mupatane."

Térence akaingia, udongo wa shamba ungali viatuni. Béatrice aliweka sahani moja kati ya ndugu wawili, kama mama yao alivyozoea. Honoré alimega tonge. Akaonja. Akaonja tena.

"Lengalenga hii..."

"Ya shamba la mama," Térence alisema. "Kula polepole, kaka. Tangu utotoni we unamaliza sahani peke yako!"

"Mwongo! Ni we!"

Wageni wakaangua kicheko. Honoré naye akacheka mpaka akafuta macho.

"Shamba haliuzwi," alisema. "Mama Nella, lete nyama!"

Jioni, ndugu wawili walikuwa bado wanasimuliana barazani, watoto wao wakifukuzana uani. Honoré alimfuata mkewe jikoni.

"Nimefurahi, sikatai. Lakini umeniaibisha mbele ya wageni. Niombe samahani."

Béatrice aliendelea kukwangua sufuria.

"Siombi."