Mbio za Skafu ya Babu

Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa, akohoe sasa.

Huyu ni Tusa. Anaishi Tukuyu, juu mlimani, kwenye mvua nyingi na ukungu mweupe. Asubuhi hata ng'ombe hutoa moshi puani.

Tusa anaishi na Mama na Babu. Zamani aliishi na Bibi pia.

Bibi alikuwa fundi wa kufuma. Sindano zake zilikuwa spoki mbili za baiskeli. Alizisugua kwenye jiwe mpaka zikawa laini, zenye ncha kali.

Bibi akifuma, aliimba polepole:

*Ingiza, zungusha,*
*vuta, achia.*
*Tiki, tiki, tiki.*

Aliwafundisha wajukuu wote. Alimfundisha Tusa. Alimfundisha Sekela, anayekaa Njombe. Alimfundisha Ipyana, anayekaa Dodoma. Likizo ikifika, wote walibanana jikoni kwa Bibi, karibu na moto.

Bibi alikuwa na sheria moja.

"Kitu chenye ncha humpi mtu mkononi," alisema. "Si kisu, si spoki. Mmesikia?"

"Tumesikia, Bibi!"

"Atakayesahau atakula kwenzi!"

Siku moja Bibi alichukua sweta lake kuukuu, la kijani. Akavuta uzi. *Furrrr!* Sweta likaanza kufumuka.

"Bibi! Unaliharibu!" Tusa akapiga kelele.

"Siliharibu. Linahama," alisema Bibi. "Linahamia shingoni kwa babu yako."

Bibi akauosha uzi ili unyooke. Akauanika. Kisha akamwita Babu.

Babu akanyoosha mikono yote miwili mbele. Bibi akautandaza uzi kwenye mikono ile. Akaanza kuuviringisha uwe mpira.

"Usishushe mikono, mzee."

"Imechoka."

"Hata jogoo ana nguvu kuliko wewe!"

Babu akacheka. Bibi akacheka. Mpira wa uzi ukawa mkubwa kama boga.

Bibi akafunga fundo la kwanza. Akaanza kufuma skafu ya Babu.

*Ingiza, zungusha,*
*vuta, achia.*
*Tiki, tiki, tiki.*

Skafu ikawa ndefu kama mkono wa Tusa. Kisha Bibi akaugua.

Tusidanganyane. Bibi hakusafiri. Hakulala tu. Bibi alikufa.

Watu walijaa uani. Sekela na Ipyana nao walikuja. Walilia. Tusa alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

Skafu ilibaki kwenye kikapu, imening'inia kwenye spoki. Haikuisha.

Babu alikaa nje, karibu na zizi. Shingo yake ilikuwa wazi. Mama akamletea skafu nyingine, ya sokoni.

"Baba, jifunge hii."

"Sina baridi," alisema Babu.

Lakini meno yake yalisema: *ta-ta-ta-ta.*

"Una baridi, Baba."

"Mke wangu alisema ananifumia. Naingoja ya kwake."

Mama akageuka upande. Akajifuta macho kwa kanga.

Tusa akasikia. Akakimbia ndani, akashika kikapu.

"Skafu ya Babu nitaimaliza mimi!"

"Wewe?" alisema Sekela. "Mishono yako mikubwa. Panya anapita!"

"Na yako imebana! Hata sisimizi hapiti!"

"Leteni hapa," alisema Ipyana. "Mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa wa nini? Mishono yako inakwenda kama mlevi!"

Wakavuta kikapu. Huku. Kule. Huku. Kule.

Nje, Babu akakohoa. *Koh! Koh! Koh!*

Wote wakaachia.

Tusa akafikiri. Akakumbuka mbio za shuleni, zile za kupokezana vijiti. Mmoja anakimbia, anampa mwenzake kijiti, mwenzake naye anakimbia.

"Tupokezane," alisema Tusa. "Kijiti chetu ni skafu. Kila mtu afume urefu wa mkono wake, kisha ampe mwenzake."

"Mimi nakaa Dodoma," alisema Ipyana. "Nitakimbia na kijiti kutoka Dodoma?"

"Posta itakimbia badala yako."

"Na tunashindana na nani?" aliuliza Sekela.

Tusa akatazama mlimani. Ukungu ulikuwa unateremka.

"Na baridi," alisema. "Mwezi wa sita baridi kali itakuja. Skafu ifike kwanza."

Wageni wakaondoka. Sekela akarudi Njombe. Ipyana akarudi Dodoma. Nyumba ikawa kimya.

Tusa akafuma. Alifuma chini ya kipande cha Bibi, akakipapasa, akafuma tena.

*Ingiza, zungusha,*
*vuta, achia.*
*Tiki, tiki, tiki.*

Mama akafunga skafu, spoki na mpira wa uzi ndani ya karatasi. Wakaenda posta.

"Kuna nini humu, binti?" aliuliza mama wa posta.

"Kijiti cha mbio."

"Kijiti gani hiki laini? Aaa! Kimenichoma!"

Ncha ya spoki ilikuwa imetoboa karatasi. Mama wa posta akanyonya kidole. Kisha akagonga muhuri. *Ga! Ga!*

Skafu ikaondoka.

Tusa akangoja.

"Imefika, Mama?"

"Iko kwa Sekela."

Ukungu ukashuka. Babu akakohoa.

"Imefika, Mama?"

"Iko kwa Ipyana."

Nyasi zikawa na umande mzito. Babu alikaa palepale, shingo wazi.

"Una baridi, Babu?"

"Sina baridi."

*Ta-ta-ta-ta.*

Siku moja simu ya Mama ikalia.

"Nimemaliza!" alipiga kelele Ipyana. "Nimeituma! Jiandae kupokea, we kobe!"

"Kobe mwenyewe!" alisema Tusa. Akacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba.

Baridi ilikuwa inakaribia. Lakini kifurushi kikafika kwanza!

Tusa akakaa mlangoni. Akachana karatasi. *Chraa!*

Skafu! Ndefu! Ya kijani!

Spoki zilikuwa zimefungwa peke yake, kwenye gazeti. Tusa hakutazama. Mpira wa uzi ukaanguka, ukanasa chini ya kigoda. Tusa hakutazama.

"Babu! Babu! Imefika!"

Akakimbia. Huu ulikuwa mkondo wa mwisho wa mbio. Alikimbia kuliko siku zote.

Akapita migomba. *Furrrr.*

Akapita kuni. *Furrrr.*

Akapita banda la kuku. *Furrrrrrr.*

"Babu, pokea!"

Tusa akafungua mikono.

Hapakuwa na skafu.

Palikuwa na ncha ya uzi tu. Na fundo. Fundo dogo kama punje ya mtama. Lile la kwanza kabisa, alilofunga Bibi.

Tusa akageuka. Uzi wa kijani ulilala uani kote, juu ya nyasi zenye maji. Kipande cha Ipyana kimefumuka. Cha Sekela kimefumuka. Cha Tusa kimefumuka.

Na cha Bibi.

"Babu," alisema Tusa. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Nimemfumua Bibi."

Babu akautazama uzi. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Jioni hiyo baridi kali ikateremka kutoka mlimani. Ikapita chini ya mlango. Ikakaa ndani kama mgeni asiyekaribishwa.

Mama akapiga simu Dodoma. Tusa akainyakua.

"Ipyana! Kwa nini ulizitoa spoki? Ndizo zilizoshika mishono! Skafu yote imefumuka!"

"Zilinichoma nilipofungua," alisema Ipyana. "Nikakumbuka. Bibi alisema kitu chenye ncha humpi mtu. Nikazitoa. Nikazifunga kwenye gazeti."

Akaanza kulia.

"Nilikuwa namtii Bibi, Tusa."

Tusa alitaka kumgombeza. Alikuwa na maneno mengi makali, yamejaa mdomoni. Akayameza.

"Na mimi nilikimbia bila kutazama," alisema.

Wakalia wote wawili, mmoja Tukuyu, mmoja Dodoma. Mama hakusema kwamba vocha inaisha.

Asubuhi Tusa akatoka nje. Akauokota uzi. Akauokota kwenye nyasi, kwenye kuni, kwenye kwato ya ng'ombe.

Uzi haukuwa umenyooka. Ulikuwa na mawimbi.

Hapa mawimbi makubwa, yamelegea. "Hapa ni pangu," alisema Tusa.

Hapa mawimbi yamebana. "Hapa ni pa Sekela."

Hapa mawimbi yanakwenda hovyo. "Ipyana huyu."

Na mwishoni, karibu na fundo, mawimbi madogo. Yote sawasawa. Yamejikunja kama nywele za mtoto mchanga.

Tusa hakusema hapa ni pa nani. Alijua.

Akaleta beseni la maji. Akakumbuka Bibi alivyofanya: uzi ukifumuliwa, unaoshwa.

"Usiuoshe!"

Babu alikuwa amesimama mlangoni.

"Nataka unyooke, Babu."

"Usiunyooshe," alisema Babu. "Humo ndimo mikono yake ilimopita."

Akaja. Akaketi kwenye kigoda. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama zamani.

Tusa akautandaza uzi kwenye mikono ile. Akaanza kuuviringisha. Pole. Pole. Mikono ya Babu ikashuka.

"Usishushe mikono, mzee," alisema Tusa.

Babu akashtuka.

"Imechoka," alisema.

"Hata jogoo ana nguvu kuliko wewe."

Babu akacheka. Kisha akalia. Alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na mikono yake haikushuka tena.

Tusa akachukua spoki. Fundo la Bibi hakulifungua. Alianzia hapohapo.

*Ingiza, zungusha,*
*vuta, achia.*
*Tiki, tiki, tiki.*

Mishono haikuwa ya Bibi. Tusa alijua. Ilikuwa mikubwa, panya anapita. Lakini uzi ulikuwa wa Bibi, na mawimbi yalikuwa ya Bibi.

Tusa akafuma uzi wa Bibi wote. Kisha akafuma wa kwake.

Simu ikalia.

"Tusa, sikia," alisema Ipyana. "Mna gunzi huko? Gunzi la hindi?"

"Yamejaa jikoni."

"Chomeka ncha za spoki kwenye gunzi. Mishono haitatoka. Na ncha haitamchoma mtu."

Tusa akachomeka. Akatikisa. Mishono ikakaa. Akagusa. Haikuchoma.

"Hapo Bibi hatupigi makwenzi," alisema Tusa.

"Hapo hatupigi," alisema Ipyana.

Mama wa posta akakipapasa kifurushi kwa tahadhari.

"Kijiti cha mbio tena?"

"Tena."

"Leo hakichomi!"

*Ga! Ga!*

Skafu ikaenda Njombe. Sekela akafuma. Skafu ikaenda Dodoma. Ipyana akafuma. Skafu ikarudi Tukuyu, na gunzi lake.

Baridi ilikuwa imefika siku nyingi. Mbio walishindwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Safari hii Tusa hakukimbia. Alifunga mishono ya mwisho, mmoja mmoja, akachomoa spoki. Akaibeba skafu kwa mikono miwili. Akatembea kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa.

Akapita banda la kuku. Akapita zizi.

"Babu, pokea."

Babu akainama. Tusa akamfunga skafu shingoni.

Upande mmoja mishono mikubwa. Katikati imebana. Upande mwingine inakwenda kama mlevi. Ilikuwa skafu ya ajabu kuliko zote Tukuyu nzima.

Kidole cha Babu kikatembea juu ya uzi. Kikatafuta. Kikafika chini ya kidevu. Hapo kikakuta fundo dogo kama punje ya mtama.

Kidole kikatulia.

Usiku ukaingia. Babu akakaa jikoni kwenye moto. Tusa akajilaza mapajani kwake.

"Una baridi, Babu?"

"Sina baridi."

Tusa akatega sikio. Akasikiliza meno ya Babu.

Kimya. Moto tu.

Babu akachukua ncha ya skafu, akamfunika Tusa bega. Kisha akaanza kuimba. Hakujua kuimba hata kidogo. Lakini aliimba polepole, kama alivyozoea kusikia.

*Ingiza, zungusha,*
*vuta...*

Tusa alikuwa ameshalala.

*...achia.*

Nanyi sasa, fumbeni macho.