Nta kwenye Kifuniko cha Tangi

Mwaka ule pamba ilikuwa nyingi. Kila asubuhi Marselino alipakia magunia kwenye lori lake kuukuu, akayapeleka gulioni. Mkewe, Apolonia, alikuwa mjamzito. Uzazi wa kwanza, wa binti yao Melania, ulikuwa umemtesa sana. Kwa hiyo mkunga wa misheni ya Ushirombo alimwambia, "Safari hii usingoje uchungu. Njoo Jumamosi."

Lakini wiki hiyo lori lilianza kisirani. Likienda maili tatu, linakohoa na kuzimika. Likipumzika, linawaka tena. Na lilinuka petroli.

Ijumaa asubuhi Marselino alilala chali chini ya lori.

"Tangi linavuja," alisema. "Mama Melania, niletee kibatari nione vizuri."

"Moto kwenye petroli? Unataka tuungue sote?"

Aliyesema hivyo ni jirani yao Kalisti, fundi wa mashine za kuchambulia pamba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Toka huko. Tulisukume lori mbali na jiko la shemeji."

Wakalisukuma hadi uwanjani, penye upepo na jua. Kalisti alifuta tangi kwa kitambaa mpaka likakauka. Kisha akapaka majivu baridi kwenye kila kiungo. Wakangoja. Majivu yalibaki makavu, isipokuwa chini, kwenye koki ya kufungia petroli. Hapo yalilowa.

"Tangi ni zima," alisema Kalisti. "Koki ndiyo inayovuja. Sasa tuone kama inafunga na kufungua."

Akaifunga, akafungua mrija unaopeleka petroli kwenye injini, akauelekeza kwenye debe. Petroli haikutoka. Akafungua koki. Petroli ilitiririka, ikapungua, ikawa matone, ikakoma.

"Imekwisha?" aliuliza Apolonia.

"Tangi limejaa, shemeji." Kalisti akalegeza kifuniko cha tangi. Fyuuu! Petroli ikatiririka tena. Akakigeuza kifuniko mkononi. "Hapa huwa pana tundu dogo. Liko wapi?"

Marselino alijikuna kichwa. "Nililiziba kwa nta ya nyuki. Vumbi lilikuwa likiingia."

"Kumbe!" alisema Apolonia. "Nta yangu niliyoitafuta nyumba nzima!"

Kalisti alitabasamu tu. "Hukukosea kuogopa vumbi. Lakini petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Ukiizuia hewa, petroli inakwama na injini inakufa njaa. Futa kifuniko kila siku, lakini tundu liache wazi."

Akaitoa nta kwa mwiba, akapuliza tunduni. Halafu akabadilisha washa iliyolika kwenye koki, kile kipete cha kuzuia kuvuja, akakaza kwa spana. Akapaka majivu upya. Safari hii yalibaki makavu.

"Wabeja, shemeji," alisema Apolonia kwa Kisukuma. Asante sana.

Jumamosi walianza safari ya kwenda misheni. Walipomaliza maili ya tatu, Marselino aliushika usukani kwa nguvu. Lori halikukohoa. Maili ya nne ikapita, na ya kumi.

"Legeza mikono," Apolonia akamcheka. "Au ni wewe unayekwenda kuzaa?"

Jumatatu mchana mkunga alitoka nje. "Mtoto wa kiume. Mama mzima, mtoto mzima. Mmefanya vizuri kuwahi."

Marselino alikaa chini kando ya gurudumu, akacheka peke yake. Kisha akachukua kitambaa na majivu, akaanza kulikagua tangi polepole, kiungo kwa kiungo. Kesho yake angewarudisha nyumbani watu wawili.