Mtu Asiyejali Nani Kashinda

Craig Duxbury alikutwa amelala kifudifudi juu ya meza yake, kisogo kimepasuka, na simu nne zilizopangwa kando ya kichwa chake zilikuwa bado zinatetemeka.

"Zima hizo simu," alisema Inspekta Lorna Haworth.

"Haiwezekani, afande. Mpiga picha hajamaliza," alijibu Sajenti Tariq Hanif. "Na ukizima utapoteza ushahidi."

Lorna aliuma meno. Hakupenda vitu vinavyochangamka mbele ya maiti.

Juu ya zulia kulikuwa na kizuizi cha mlango, chuma kizito kilichotengenezwa kwa umbo la mbwa. Kilikuwa kimefutwa vizuri. Hakuna kiti kilichoanguka wala kikombe kilichovunjika. Craig alikuwa amemgeuzia mgongo mtu aliyemfahamu.

"Amekufa lini?" Lorna alimuuliza daktari wa uchunguzi.

"Jana jioni, mechi ikiendelea. Zaidi ya hapo usinibane."

Jikoni, Brenda, mama wa marehemu, alikuwa amekaa na koti lake. Alikuwa amemletea mwanawe pai ya viazi asubuhi hiyo, akamkuta. Ile pai alikuwa bado ameipakata.

"Kijana wangu hakuwa na ugomvi na mtu, mwanangu," alisema. "Alininunulia boila mpya, ile mashine ya kupasha nyumba joto. Majira ya baridi haya ndiyo ya kwanza miguu yangu kupata joto."

"Hela alizipata wapi, mama?"

"Kwa zile kampuni za kubeti." Brenda aliinua kidevu. "Lakini hakuwa mcheza kamari. Hilo uliandike. Kila siku alikuwa akisema: hii si kamari, ni hesabu tu."

Lorna hakuliandika. Alikuwa amefanya kazi katika mji wa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, miaka kumi na tisa, na kila mcheza kamari aliyewahi kumkamata alikuwa na jina lingine la kuuita ugonjwa wake.

*

"Craig alikuwa anasema kweli, afande," Tariq alisema ndani ya gari.

"Usinianze."

"Nisikilize. Kampuni inataka wateja, sivyo? Inakwambia: weka dau moja kwetu, tukupe jingine la bure. Wewe unaweka dau kwamba timu ya mji itashinda. Halafu unaingia kwenye soko lingine, ambako watu wanabetiana wenyewe kwa wenyewe, unaweka dau kwamba haitashinda. Umeziba pande zote mbili. Ikishinda, ikifungwa, hupati wala hupotezi cha maana. Lakini lile dau la bure ni lako. Nalo unaliziba vilevile, kinachobaki unatia mfukoni."

"Unajuaje yote haya?"

Tariq aliangalia dirishani. "Lile sofa letu la kijani."

"Tariq!"

"Na fungate. Mke wangu anajua. Miezi saba tu, afande, halafu wakanifungia akaunti. Wakigundua hupotezi, wanakuwekea mipaka mpaka huwezi kubeti hata bei ya kikombe cha chai."

"Kwa hiyo hakuna hatari."

"Hatari zipo. Ukikosea kuziba upande mmoja, umeliwa. Odi, yaani viwango vya malipo, zikibadilika katikati, umeliwa. Na wakishakufungia, unaanza kutumia majina ya ndugu zako. Hiyo ni jinai. Na kuna wale ambao hawatakiwi kabisa kuusogelea mchezo huo. Unawafundisha kuziba pande mbili, siku moja wanaacha upande mmoja wazi. Kwa makusudi."

Mtu wa namna hiyo alikuwepo. Aliitwa Dale, mdogo wake Craig.

*

Dale Duxbury alikuwa ameketi katika chumba cha mahojiano, mikono katikati ya magoti. Alama za vidole vyake zilijaa kwenye chumba cha kaka yake. Jirani alikuwa amewasikia wakifokeana siku ile ile ya mauaji, mchana.

"Mlikuwa mnagombania nini?" Lorna aliuliza.

"Mambo ya kindugu."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Gari lako halikuwepo nyumbani."

Dale alizidi kubana mikono katikati ya magoti.

"Dale, miaka mitatu iliyopita ulijiandikisha mwenyewe kwenye orodha ya taifa, ili kampuni zote za kubeti zikukatae. Sasa simu yako ina akaunti yenye jina la Brenda Duxbury, mama yako, umri miaka sabini na moja. Nani aliifungua?"

"Craig. Alisema ananisaidia. Nifanye kama yeye, nizibe pande zote, nirudishe heshima yangu kwa mke wangu."

"Ukaziba?"

"Mwanzoni."

"Na jana?"

Dale aliinamisha kichwa mpaka kikagusa meza. "Kirsty asijue. Niwekeni ndani, nifanyeni mnavyotaka, lakini mke wangu asijue nimerudi kwenye kamari."

Nje ya chumba, Mrakibu Ogden alikuwa anasubiri, tai imekazwa na uso umeridhika.

"Kaliwa hela, kagombana na kaka yake, kadanganya alikokuwa. Unataka nini zaidi, Haworth? Mfungulie mashtaka leo."

"Nataka kujua alikuwa wapi."

"Alikuwa pale, akimpasua kaka yake kichwa! Una mpaka jioni."

Lorna aliingia ofisini akaubamiza mlango. Akapiga simu kwa kampuni iliyokuwa na akaunti ya Brenda. Kijana mwenye sauti ya asali alipokea.

"Mzee wa miaka sabini na moja anabeti mechi za tenisi za upande wa pili wa dunia, alfajiri, siku baada ya siku," Lorna alisema. "Hakuna aliyeuliza?"

"Mfumo wetu haukuona tatizo, mama."

"Mlimtumia tiketi za mbio za farasi! Mlimwita mteja wa heshima!"

"Tunawajali wateja wetu waaminifu."

"Na Craig Duxbury je? Mlimfungia baada ya wiki tano."

"Akaunti hiyo ilikuwa na mwenendo usio wa kawaida."

"Mwenendo gani?"

"Alikuwa hapotezi."

"Kwa hiyo mtu asipopoteza, mfumo wenu unamwona haraka. Akijichinja mwenyewe taratibu mbele yenu, mnampa tiketi!"

Alikata simu kabla ya kusikia asante kwa kupiga.

*

Kilichombana Dale zaidi, bila mwenyewe kukusudia, kilikuwa maelezo ya mke wake. Kirsty alikuwa mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Alisema alipokuwa akienda zamu ya usiku alipita kwa shemeji yake kumtafuta mumewe. Timu ya mji ilifunga goli mwishoni mwa kipindi cha pili. Akamsikia Craig ndani akipiga yowe la furaha. Akadhani ana wageni, akaenda zake. Muda mfupi baadaye wenzake walimwona kazini, sare imenyooka.

Kwa maelezo hayo, Craig alikuwa hai mpaka lile goli. Kirsty asingepata nafasi ya kumuua. Dale peke yake ndiye aliyebaki bila mtu wa kumsemea.

Tariq aliyasoma, akatoa kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Nini?" Lorna aliuliza.

"Yowe la furaha."

"Sasa?"

"Afande, kaziba pande zote mbili. Goli liingie, lisiingie, kwake ni kama kusikia bei ya mchele wa China. Mimi nilishinda na kushindwa pamoja kila Jumamosi kwa miezi saba. Mke wangu alidhani ninajaza fomu za kodi."

Lorna aliketi taratibu.

"Labda aliipenda timu."

"Mama yake kasema hajawahi hata kuvaa skafu ya timu hiyo. Halafu ngoja." Tariq alivuta karatasi za wataalamu waliofungua simu za marehemu. "Ofa ya jana: weka dau kabla ya mechi, wakati wa mapumziko unapewa la bure, mwisho wa kulitumia ni filimbi ya mwisho. Akaunti zote nne zilipewa. Hakuna hata moja iliyotumika."

"Alisahau?"

"Craig? Huyu mtu alimnunulia mama yake boila kwa madau ya bure! Angeacha nyumba iungue kwanza. Mapumziko yalipofika, afande, alikuwa ameshakufa."

"Basi hakuna aliyepiga yowe," Lorna alisema.

"Hakuna. Kuna aliyelitunga. Mtu anayejua wacheza kamari wanavyokuwa, lakini hamjui Craig."

*

Kirsty Duxbury alikataa chai. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, kucha zimekatwa fupi kama za muuguzi. Wakili alikuwa kando yake.

"Dale atafunguliwa mashtaka jioni hii," Lorna alimwambia. "Ya mauaji."

Rangi ilimtoka. "Lakini Dale hakufanya kitu."

"Wewe ndiye uliyetusaidia. Umesema Craig alikuwa hai goli lilipoingia, na mumeo hana shahidi wa wakati huo."

"Mimi sikusema ni Dale! Nimesema nilisikia yowe tu."

"Lilikuwaje?"

"La mtu aliyeshinda. Mnajua wanavyokuwa."

"Dale huwa hivyo?"

"Dale hupiga kelele mpaka majirani wanagonga ukuta. Na akiliwa anapiga ukuta mwenyewe."

"Craig hakuwa hivyo, Kirsty. Alikuwa na dau timu ishinde na dau isishinde. Lile goli halikumpa wala kumnyima kitu. Hajawahi kushangilia goli maishani mwake."

Kirsty alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari kwa lugha asiyoijua.

"Kila mtu anashangilia," alisema kwa sauti ndogo.

"Yeye hapana. Na mapumziko yalipofika hakuwa hai."

Wakili alimgusa mkono. "Huna lazima ya kujibu."

"Usinyamaze ukadhani unajikinga," Lorna alisema. "Ukinyamaza, ni yeye anayeingia gerezani. Na unajua atafanya nini akifungiwa peke yake."

Hapo ndipo Kirsty alipovunjika. Hakulia. Alikasirika, akaupiga mkono wake mezani.

"Miaka mitatu!" alisema. "Miaka mitatu nimemshika mume wangu kama mtoto anayejifunza kutembea! Mara ya kwanza nilimkuta kwenye gereji ya nyumbani, kamba shingoni. Niliikata kwa kisu cha mkate. Craig alikuwepo hospitali! Alikaa pale kitandani, akamwona alivyokuwa! Halafu anakuja kumwekea ile simu mkononi tena!"

"Ulijuaje?"

"Jana Dale hakurudi. Nilipiga, hapokei. Nikajua. Ukishaishi na jambo hili unalijua kwa jinsi nyumba inavyonyamaza. Nikaenda kwa Craig, nikamwomba, jamani, nilimwomba! Nikamwambia mtafute ndugu yako, atajiua. Unajua alinijibu nini?"

Lorna alikuwa anajua, lakini alisubiri.

"'Tulia, Kirsty. Hii si kamari, ni hesabu tu.' Nikamwambia hajaziba, Craig, Dale hazibi! Akasema basi makosa ni ya Dale, yeye kamfundisha vizuri. Halafu akageuka. Akanigeuzia mgongo! 'Subiri kidogo,' akasema, 'mapumziko yanakaribia, nina ofa nne hapa.' Mume wangu yuko gizani mahali fulani anakufa, na yeye ana ofa nne!"

Alikuwa anahema.

"Kile chuma kilikuwa mlangoni," alimalizia. "Nilikifuta. Nikaketi garini, sijui muda gani, mpaka nikasikia mji mzima unapiga kelele. Nikasema, na yeye angepiga kelele, kama angekuwa hai. Ndivyo nilivyowaambia."

Tariq alikuwa anaandika bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo kwake ilikuwa kweli?" Kirsty aliuliza. "Haikuwa kamari?"

"Kwake, ndiyo."

"Nilidhani anaumwa kama Dale. Nilidhani wote wawili wanaumwa, na huyu mmoja anamvuta mwenzake." Alifikiri. "Kumbe alikuwa mzima. Basi ni vibaya zaidi."

Lorna hakumbishia. Alimsomea mashtaka, akamsomea haki zake, na sauti yake ilikuwa kavu kuliko alivyotaka. Alitaka meza ile iwe na kiti kingine, na juu yake aketi yule kijana mwenye sauti ya asali pamoja na wakubwa wake wote, wasikie hadithi ya kisu cha mkate. Sheria haikuwa na kiti hicho.

Kirsty aliposimama kupelekwa mahabusu, aligeuka mlangoni.

"Dada, mkimtoa, msimpe simu yake."

*

Dale alitolewa kabla giza halijaingia. Kwenye kaunta konstebo alimpangia vitu vyake: mkanda, pochi, funguo za gari, simu.

Lorna alimweleza mwenyewe. Hakutaka asikie kwa Ogden. Alimwambia kwamba Kirsty alijua, kwamba alikwenda kwa Craig kumtafutia msaada, na alichokifanya alipoukosa. Dale alishika ukingo wa kaunta. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama hakuna mtu karibu, akiita jina la mkewe, kisha la kaka yake, kisha la mkewe tena.

"Nilikuwa maegesho ya duka la karibu," alisema. "Nilikuwa ndani ya gari, nikibeti. Angenipata. Angetazama tu pale maegesho angenipata."

"Mama yako anakuja kukuchukua," Lorna alisema. "Na kesho nitakupeleka kwa watu wa kukusaidia. Mimi mwenyewe. Nitagonga mlango wako asubuhi."

Dale alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa bado analia. Na huku analia, huku macho yake yakimtazama Lorna, mkono wake wa kulia ulianza kutembea juu ya kaunta, ukaipita pochi, ukazipita funguo.

Lorna aliuwahi. Aliichukua ile simu, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaufunga na kutia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

"Hiki ni kielelezo cha mauaji," alisema. "Hukipati mpaka kesi iishe."

"Nilitaka kuona kitu kimoja tu, Inspekta," Dale alisema. "Kimoja tu."